Lumumba mwandishi wa gazeti, na siku zake chache ku Likasi



Kwenye mkutano uliopita kijana mmoja wa chama chetu alisimama akaomba ruhusa ya kwenda kusema kwenye redio juu ya visima vya mtaa wetu. Maji yamebadilika rangi, barua tuliyopeleka ofisini haina jibu mpaka leo, na yeye aliona njia iliyobaki ni redio. Mama yake akasimama palepale mbele ya watu wote akakataa. Alisema mtoto mwenye kutaja wakubwa kwenye redio analala buloko, na jamaa yake ilirudi hapa kwa taabu, hawana nguvu ya kuhama mara ya pili. Watu wakagawanyika, wengine kwa mama, wengine kwa kijana. Wazee wetu waliolala wiki na wiki kwenye stasio ya Likasi mwaka 1992, wakingoja treni ya kwenda Kasai, walinyamaza. Na mimi niliyeshika kalamu ya ripoti, sikuandika neno hata moja juu ya visima.

Komite iliniomba tangu zamani niendelee na ile sehemu yetu ya maisha ya watu wakubwa wa inchi. Safari hii nimemchagua Patrice Emery Lumumba. Najua, mtaniambia Lumumba tunamjua wote. Tunamjua wa sanamu na wa majina ya barabara, Waziri Mkuu wa kwanza aliyeuawa. Mimi nataka kuwaelezea Lumumba mwingine, karani wa posta aliyekuwa anaandika kwenye magazeti. Yale yote yaliyompata baadaye yalianzia pale, kwenye kalamu, na yalipita hapa kwetu.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kijijini Onalua, kule Sankuru, upande wa Katako-Kombe, katika kabila la Watetela. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba. Alisoma kwa misioni, kwa Wakatoliki na kwa Wametodisti, lakini masomo makubwa hakuyafikia. Akiwa kijana akaondoka kwao, akapita Maniema, akafanya kazi kidogo kwenye kampuni la madini, halafu akafika Stanleyville, njo Kisangani ya leo. Hapo akaingia kazi ya Posta. Mwaka 1947 wakamtuma Léopoldville kwenye shule ya posta, akarudi karani mwenye cheo. Mambo mengine alijifundisha mwenyewe usiku, kwa vitabu vya kuazima. Kifaransa chake, kile kilichokuja kuwaumiza wakubwa masikio, hakikutoka kwenye shule kubwa yoyote.

Yeye alikuwa mtu wa vyama, kama sisi hapa. Chama cha wafanyakazi wa posta yeye ndani, chama cha wale Wakongo waliosoma, walioitwa waevolue, yeye ndani tena, na mara nyingi ndiye anayeandika barua na ripoti. Wafanyakazi wa posta walikuwa na kagazeti kao kadogo, L'Écho Postal, na yeye ndiye alikuwa anakatengeneza. Kakaratasi ka chama, kenye habari za wanachama, kama hii mnayoshika mkononi. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu.

Tangu mwaka 1948 alikuwa pia anapeleka makala kwenye magazeti makubwa ya wakati ule. La Croix du Congo lilikuwa la Wakatoliki. La Voix du Congolais lilitolewa na ofisi ya habari ya Serikali yenyewe, yaani Bula Matari, kwa ajili ya Wakongo waliosoma. Ni kusema Mkongo alipewa mahali pa kuandika, lakini meza ilikuwa ya yule ambaye angepaswa kumsema. Gazeti bila kibali cha wakubwa halikutoka. Kwa hiyo makala za kwanza za Lumumba ukizisoma leo unaweza kushangaa. Ni za upole sana. Anasifu Ubelgiji, anashukuru, halafu katikati ya shukrani anapenyeza jambo lake: mshahara wa mweusi na wa mweupe kwa kazi ileile, shule za watoto, namna mtu mweusi anavyoitwa na kusukumwa dukani. Vijana wengine siku hizi wanamlaumu juu ya upole huo. Mimi simlaumu. Mtu anayeandika chini ya jicho la mwenye nguvu anatafuta mlango ulioachwa wazi kidogo, na kwa miaka mingi yeye alipitia mlango huo.

Mwaka 1954 alipata karatasi ya imatrikilasio, ile iliyosema Mweusi fulani sasa anahesabiwa karibu na Mzungu mbele ya sheria. Mwaka 1955 Mfalme Baudouin alipotembelea Stanleyville, Lumumba alikuwa kati ya waliozungumza naye. Mwaka 1956 akapelekwa Ubelgiji kwa ziara pamoja na wengine. Jina lake lilikuwa linapanda. Aliporudi kutoka ziara hiyo, Julai 1956, polisi wakamkamata.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu kwenye hii habari watu wengi wanapenda kuruka. Hakukamatwa juu ya makala. Alikamatwa juu ya pesa ya posta, zaidi ya franka 100,000 zilizotoka kwenye hesabu za watu, na hakukana kwamba alizichukua. Alieleza kwamba mshahara wa mweusi hautoshi kuishi maisha ambayo Wazungu wenyewe wanamdai mtu aliyesoma ayaishi. Ilikuwa kweli, lakini pesa ilikuwa ya watu. Akahukumiwa, akafungwa, akatoka mwaka 1957. Sisi tunaofanya kazi na makuta ya chama tusome ukurasa huu mara mbili. Mtu anayetaka kusema wakubwa, daftari lake la hesabu ndilo la kwanza kufunguliwa. Maadui zake walilishika kosa hilo mpaka siku ya kifo chake, na kila alipoandika neno gumu walijibu kwa kumwita mwizi, bila kulijibu neno lenyewe.

Ndani ya gereza aliandika kitabu kizima juu ya Kongo na kesho yake. Ni kitabu cha upole bado, cha kuomba weusi na weupe wakae pamoja vizuri. Mchapishaji wa Brussels alikuwa na karatasi zake lakini kitabu hakikutoka. Kilitoka mwaka 1961, mwandishi akiwa tayari amekufa.

Baada ya gereza, Stanleyville na Posta zikawa zimekwisha kwake. Akahamia Léopoldville, akaajiriwa na kampuni la bia la Bracongo kuuza Polar. Kazi ya kuuza bia ilimpitisha kwenye baa zote za mji, na kwenye baa ndiko watu wanasema. Wakati huohuo aliingia kwenye duara la waandishi wa habari weusi wa Léopoldville. Kati yao alikuwako kijana mmoja aliyekuwa ametoka jeshini, anaandika kwenye L'Avenir na kwenye gazeti la kila wiki Actualités Africaines. Huyo kijana jina lake Joseph-Désiré Mobutu. Wakawa marafiki wa sana, na Mobutu akaja kuwa mtu wake wa karibu chamani. Likumbukeni jina hilo, tutalikuta tena mbele.

Oktoba 1958 Lumumba na wenzake, kina Joseph Ileo na Cyrille Adoula, wakaanzisha MNC. Desemba akaenda Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote aliouita Nkrumah, na tarehe 28 Desemba akasimama mbele ya umati Léopoldville kuwaeleza aliyoyasikia kule. Lugha ya shukrani ilikuwa imekwisha. Wiki moja baadaye, tarehe 4 Januari 1959, mji ukawaka moto, watu wakafa wengi. Mwaka huo MNC ikawa na gazeti lake yenyewe, Indépendance, na kule Stanleyville kukatoka jingine jina lake Uhuru. Jina la Kiswahili, tafadhali, kwa watu waliokuwa wanakatazwa hata kulitamka. Sasa Lumumba hakuwa tena anaomba nafasi kwenye meza ya mtu mwingine.

Na hapo hatari ikabadilika sura. Mwishoni mwa Oktoba 1959 MNC ilifanya kongamano Stanleyville. Lumumba akahutubia, akasema Wakongo wasingoje tena uhuru wa kupewa kidogo kidogo. Askari wakaja, watu wakapigwa risasi, zaidi ya 20 wakafa. Tarehe 1 Novemba wakamkamata yeye. Waliopiga risasi hawakukamatwa. Tribinali ikamshtaki kwamba maneno yake ndiyo yaliyoleta damu, na tarehe 21 Januari 1960 ikamhukumu miezi 6.

Kesho yake akapandishwa ndege, pingu mikononi, akaletwa Jadotville. Ndiyo, hapahapa. Jadotville njo jina la zamani la Likasi yetu, na gereza ni lile la Buluo ambalo kila mtu wa Shituru analijua kwa mbali na anaomba asilijue kwa karibu. Kwa nini Jadotville? Stanleyville ilikuwa mji wake, watu wangeweza kuvunja mlango. Katanga ilikuwa mbali, na hapa Union Minière ndiyo iliyokuwa baba na mama wa kila kitu: kazi, nyumba, hospitali, shule. Kumleta Lumumba huku ilikuwa kumweka mahali ambapo sauti yake haiwezi kutoka.

Lakini tayari tarehe 20 Januari mkutano mkubwa wa Wabelgiji na Wakongo ulikuwa umefunguliwa Brussels, ile wanaita Meza ya Mviringo. Wajumbe wa Kongo, hata wale waliokuwa wapinzani wake, walisema bila Lumumba hawataendelea. Serikali ya Ubelgiji ikakubali. Tarehe 25 Januari wakamtoa gerezani, wakampeleka Élisabethville, wakampandisha ndege ya Ulaya. Alilala kwetu siku tatu tu. Tarehe 26 alishuka Brussels, na mbele ya wapiga picha akainua mikono ili waone alama za pingu kwenye vifundo. Picha hiyo ilizunguka dunia. Mtu aliyejua gazeti linavyofanya kazi hakuhitaji hotuba siku hiyo. Siku iliyofuata, tarehe 27, Meza ya Mviringo ilikubaliana kwamba uhuru utakuwa tarehe 30 Juni 1960.

Mimi nimekaa Likasi miaka mingi, na hii habari ya siku tatu shuleni hakuna aliyenieleza. Tulifundishwa tarehe ya uhuru. Hatukufundishwa kwamba mmoja wa waliokuwa mezani ilipopangwa alitoka moja kwa moja buloko ya mji wetu.

Uchaguzi wa Mei 1960 chama chake kikapata viti vingi kuliko chama kingine, akawa Waziri Mkuu, na Joseph Kasa-Vubu Prezida. Hotuba yake ya tarehe 30 Juni mbele ya Mfalme Baudouin mnaijua. Haikuwa kwenye programu. Mfalme alikuwa amemaliza kumsifu Leopold II na kazi ya Wabelgiji, ndipo Lumumba akasimama akataja matusi, mapigo, mashamba yaliyochukuliwa, sheria moja kwa mweupe na nyingine kwa mweusi. Redio ikaipeleka kila mahali. Mambo yaleyale aliyoyapenyeza kwa upole kwenye makala zake miaka kumi mbele, siku hiyo aliyasema bila pazia. Wengi wanahesabu kwamba kifo chake kilianza kupangwa kwenye vichwa vya watu siku hiyo. Mimi naona kilianza zamani zaidi, lakini sitabishana.

Halafu yakaja haraka haraka. Tarehe 5 Julai askari wakaasi. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Wabelgiji wakarudisha jeshi, Umoja wa Mataifa ukaleta wake.

Sasa kuna jambo ambalo watu wanaompenda Lumumba hawapendi kulisoma, lakini nikiliacha nitakuwa nimewadanganya. Agosti 1960, akiwa Waziri Mkuu, Serikali yake ilifunga ofisi ya shirika la habari la Belga, ikafunga gazeti Le Courrier d'Afrique, na mhariri wake Gabriel Makoso akakamatwa. Inchi ilikuwa vitani, inapasuka, na magazeti hayo yalikuwa yanampiga kila siku, hilo ni kweli. Lakini yule aliyeletwa Buluo Januari juu ya maneno, Agosti alimfunga mtu mwingine juu ya maneno. Miezi saba tu ilipita katikati. Mzee mmoja wa chama niliyemsomea sehemu hii alitaka niitoe. Nilimwambia kwa heshima, hapana, baba. Kama tunataka watu waandike habari za wakubwa wengine, lazima tuandike na za mkubwa tunayempenda.

Na ile fimbo ikamrudia haraka. Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alitangaza kwenye redio kwamba amemfukuza. Lumumba akakimbilia redio ileile usiku huo, akajibu. Kesho yake watu wa Umoja wa Mataifa wakafunga redio ya Léopoldville pamoja na viwanja vya ndege, wakisema ni kwa ajili ya amani. Kwa kuangalia ni sawa kwa wote wawili. Lakini Kasa-Vubu alikuwa na Redio Brazzaville ng'ambo ya mto, kwa rafiki yake Abbé Youlou, na ile inasikika Léopoldville nzima. Lumumba hakuwa na kitu. Tarehe 11 Septemba alijaribu kuingia kwenye jengo la redio. Askari wa Ghana waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa wakamzuia mlangoni. Ghana ya Nkrumah, rafiki yake! Siku tatu baadaye, tarehe 14, Mobutu, yule mwandishi wa habari wa zamani ambaye Lumumba mwenyewe alimpa cheo jeshini, akachukua nguvu. Mimi nikisoma siku hizo naona kwamba Lumumba aliyekosa redio alikuwa tayari nusu mfu. Bunge lilikuwa bado linamuunga mkono, lakini hakuna aliyemsikia.

Tangu Oktoba alifungiwa nyumbani mwake, askari wa Umoja wa Mataifa wakimlinda kwa ndani na wa Mobutu wakimzunguka kwa nje. Usiku wa tarehe 27 Novemba akatoroka, akielekea Stanleyville kwa watu wake. Njiani vijiji vilikuwa vinamsimamisha, watu wanataka kumsikia, na yeye anasimama anasema. Saa zikapotea. Wanajeshi wa Mobutu walimkamata kwenye mto Sankuru, mwanzo wa Desemba, wakamrudisha Léopoldville amefungwa kamba mbele ya kamera, halafu wakampeleka kambi ya Thysville, Mbanza-Ngungu ya leo.

Kule Thysville aliendelea kuandika. Tarehe 4 Januari 1961 alimwandikia Rajeshwar Dayal, mkubwa wa Umoja wa Mataifa Kongo, akieleza chakula, chumba, nguo ambazo hajabadili zaidi ya mwezi. Malalamiko ya mfungwa, yamepangwa vizuri kama ripoti ya karani wa posta. Na kuna barua yake kwa mke wake Pauline, iliyokuja kuchapwa na kusomwa dunia nzima. Alinyimwa redio, alinyimwa bunge, karatasi alizipata.

Tarehe 17 Januari 1961 waliwatoa watatu: Lumumba, Maurice Mpolo aliyekuwa waziri, na Joseph Okito aliyekuwa makamu wa mkubwa wa Seneti. Wakawapeleka kwa ndege mpaka Élisabethville, wakiwapiga njia yote. Jioni ile waliwaweka kwenye nyumba ya Mbelgiji mmoja, nyumba ya Brouwez, wakawapiga tena, mbele ya mawaziri wa Katanga. Usiku wakawapeleka porini, Shilatembo, kando ya barabara inayotoka Lubumbashi kuja kwetu Likasi, wakawapiga risasi mmoja mmoja, mbele ya Tshombe na mawaziri wake, na maofisa wa Kibelgiji wakiwa pale. Lumumba alikuwa na miaka 35.

Yaliyofuata nayaandika kwa kifupi, mama zetu wanisamehe. Maiti zilifukuliwa. Mpolisi wa Kibelgiji Gerard Soete pamoja na ndugu yake walizikata, wakaziyeyusha kwenye asidi ya sulfuriki. Sisi wa Shituru hatuhitaji kuelezewa asidi hiyo ni kitu gani. Tangu wakati wa Union Minière ndiyo inayotumika kutoa shaba kwenye mawe, na baba zetu wengi walitoka kazini na matundu kwenye nguo. Walitaka pasibaki kaburi la mtu kwenda kusimama.

Tarehe 13 Februari waziri Godefroid Munongo aliwaita waandishi wa habari Élisabethville, akawaambia wafungwa walitoroka na wanakijiji wakawaua. Kijiji gani, hakutaja. Waandishi waliokuwa pale wengi hawakuamini, na hawakuwa na namna ya kwenda kutazama. Uongo huo ulikaa rasmi miaka na miaka. Mwaka 1999 Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu chenye makaratasi ya Serikali yenyewe, bunge la Ubelgiji likaunda komisio, na mwaka 2002 Serikali yao ikaomba msamaha. Miaka 41.

Mobutu alimfanya shujaa wa taifa mwaka 1966. Jadotville ikapata jina la Likasi, barabara zikapata jina la Lumumba, na magazeti chini ya Mobutu yakajifunza kuimba wimbo mmoja. Aliyekuwa mwandishi ndiye aliyejua vizuri zaidi mahali pa kufunga.

Na wakati wetu? Mwaka 1998, inchi ikiwa tena vitani, waandishi wa Kinshasa waliunda shirika la Journaliste en danger, kwa sababu wenzao walikuwa wanakamatwa kila mara. Bukavu, Serge Maheshe wa Redio Okapi aliuawa Juni 2007, na mwenzake wa redio hiyohiyo, Didace Namujimbo, Novemba 2008. Septemba 2023 Stanis Bujakera alikamatwa kiwanja cha ndege cha Kinshasa juu ya makala iliyohusu kifo cha mwanasiasa. Alikaa gerezani nusu mwaka, na Machi 2024 tribinali ikampa miezi 6, akatoka kwa sababu alikuwa amekwisha kuimaliza. Miezi 6, kama ile ya Stanleyville 1960. Mama wa kijana wetu hakukosea alipoogopa. Nataka liandikwe wazi kwamba hakukosea.

Ila asidi haikumaliza yote. Soete alikuwa ameficha jino. Mwaka 2016 polisi wa Ubelgiji walilikamata kwenye jamaa yake, na tarehe 20 Juni 2022 likakabidhiwa kwa watoto wa Lumumba, Brussels, ndani ya sanduku. Likaletwa kwa ndege. Likapita Sankuru kwao, likapita Kisangani, likaja Lubumbashi mpaka Shilatembo, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Mimi nilikuwa njiani kikazi siku zile, naikumbuka barabara ilivyojaa polisi na watu. Mama mmoja ndani ya gari letu, mwanachama wetu, aliyerudi hapa akiwa mjane na watoto wanne, aliuliza kama huyo naye tungemwandika kwenye daftari la warudi. Tulicheka gari zima, halafu tukanyamaza mpaka Likasi.

Juu ya visima: ripoti ya ule mkutano nimeiandika upya, na komite imekwisha kuisoma. Maji yamo sasa, rangi yake, tarehe ya barua yetu, na siku ngapi zimepita bila jibu. Nakala ya daftari la hesabu nimeishona nyuma yake. Majina ya waliosema sikuyaweka. Nimeweka langu.